Sahihi ya Jarrah

Duaij aliingia dukani kwangu mara ya kwanza mwaka 2005, akauliza kama nina noti za wizi. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa aibu. Nilicheka, nikamwambia, "Ndugu yangu, hizo ndizo zinazonilipia kodi."

Siku hizo kila mkusanyaji alizitaka. Ni zile dinari zetu za zamani ambazo wanajeshi wa Iraq walizibeba kutoka benki walipotuvamia mwaka wa tisini, vibunda kwa vibunda, mpya kabisa, hazijawahi kukunjwa mfukoni mwa mtu. Baada ya vita serikali ilizifuta na kutangaza namba zake, na tangu hapo hazikuweza kununua hata kiberiti. Lakini wapenda noti hupenda noti yenye kisa. Utawala wa Baghdad ulipoanguka, zikaanza kurudi kwetu kupitia Basra, ndani ya magunia ya mchele na chini ya viti vya magari, na mimi nikizitia kwenye plastiki na kuwauzia Wajerumani na Wajapani. Sikuona ubaya wowote. Duka langu ni dogo, lipo sokoni Mubarakiya nyuma ya wauza zafarani, na biashara ya stempu ilikuwa imeshakufa.

Duaij hakutaka noti mojamoja. Alitaka kibunda kizima cha noti mia, kikiwa bado na ukanda wake wa karatasi, ule ambao keshia huuzungusha akimaliza kuhesabu, akaupiga muhuri wa tarehe na kutia sahihi yake.

"Wewe unakusanya noti au karatasi ya kufungia?" nikamtania. "Wenzako wananunua samaki, wewe wataka gazeti lililomfunga."

Hakucheka. "Kaka yangu alikuwa keshia kwenye chumba cha hazina," akasema. "Naijua sahihi yake."

Nikaona haya. Nikamvutia kiti, nikaagiza chai.

Kaka yake aliitwa Jarrah. Asubuhi wanajeshi walipoingia mjini alikwenda kazini kama kawaida, kwa sababu alishika mmoja kati ya funguo mbili za hazina na alihofia kuambiwa ametoroka nao. Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake, Adnan, aliyeachiwa baada ya wiki tatu, ndevu zimemjaa, kiatu kimoja mguuni. Adnan alisema waliwafungia ndani wakawalazimisha kuhesabu pesa upya, kila kibunda kitiwe tarehe na sahihi, ili hata mmoja wa wale wezi asiweze kumwibia mwenziwe kabla mzigo haujafika Baghdad. Siku ya nne, Jumapili, Jarrah akakataa kuhesabu. Wakamtoa uani. Adnan akasikia risasi tatu.

Mwili haukuonekana. Vita vilipokwisha, Adnan alikwenda kwa mama wa Jarrah na Duaij, ambaye sote tulimwita Um Jarrah kwa jina la huyo kifungua mimba wake, akakaa kwenye zulia mbele yake na kumweleza yote. Mama alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Adnan mwanangu, umesikia risasi. Mwezi ule nani hakusikia risasi?"

Akakataa matanga. Akakataa Jarrah asaliwe. Miaka kumi na mitano ikapita hivyo.

Nilikuwa na muuzaji mmoja wa Basra, jina lake Lafta. Alinipigia simu mara nyingi kuliko mke wangu. Kwenye mzigo wake wa mwisho vilikuwamo vibunda saba vyenye kanda, na sikuwahi kuzitazama. Siku ile nilivimwaga mezani mbele ya Duaij. Alivigeuza kimoja kimoja. Alipofika cha tano mkono wake ukasimama.

Muhuri wa tarehe nne Agosti, 1990. Jumamosi. Chini yake, kwa kalamu ya buluu, jina la Jarrah limeandikwa kwa mkupuo mmoja, na mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekatika katikati, pale wino ulipogoma kisha ukarudi.

Alikaa pale hadi chai ikapoa. Baadaye akaniomba niende naye kwa mama yake, ili na mtu mwingine aseme kwamba si uongo.

Um Jarrah hakujua kusoma. Alipewa ule ukanda akaupitisha kwenye vidole kama anayepima kitambaa.

"Hii ni kazi ya mkono wake?"

"Ndiyo, mama," akasema Duaij.

"Siku hiyo alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

Akanigeukia mimi. "Alikuwa amekula?"

Nikasema bila shaka alikula, siku za kwanza chakula kilikuwepo. Akaitika kwa kichwa, akauweka ukanda ndani ya msahafu wake, akatulazimisha kula wali na samaki. Yeye hakugusa kitu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza, na nililifanya kwa moyo mweupe. Niliupiga picha ule ukanda, nikamtumia Lafta. Nikamwandikia: tafuta wenye sahihi kama hii, mteja wangu atalipa chochote.

Miezi miwili baadaye ukaja wa pili. Muhuri wa tarehe kumi na tisa Agosti, 1990.

Niliuona kabla ya Duaij. Tarehe kumi na tisa ni wiki mbili baada ya zile risasi tatu. Nilifunga duka saa nne asubuhi nikaendesha gari hadi kwake Rumaithiya. Alinifungulia akiwa na sabuni usoni, anajinyoa. Alipousoma alikaa chini palepale mlangoni.

"Kwa hiyo Adnan alidanganya," akasema.

"Labda alichanganya siku."

"Mtu hachanganyi siku kama hiyo, Yaqub."

Wa tatu ulikuja kabla ya Ramadhani, muhuri wa tarehe tatu Septemba. Um Jarrah aliupokea kama alivyoupokea wa kwanza, lakini uso wake ulianza kubadilika. Nilidhani tunampelekea furaha. Baadaye nikaelewa kwamba kila ukanda ulimwongezea mwanawe siku nyingine ya kifungo. Maswali yake yakazidi. Joto la Septemba mle ndani, walikuwa na maji? Yule mwenye ule ufunguo mwingine alikuwa naye? Meno yake yalikuwa yakimsumbua, alipata dawa? Duaij alimjibu kila swali kwa upole, kisha akatoka nje kuvuta sigara tatu mfululizo.

Ijumaa moja, Ramadhani haijaingia, tulikuwa kwenye baraza la mtaa wao, wanaume kama kumi na wawili, kahawa inazunguka. Adnan alikuja kama alivyokuja kila Ijumaa kwa miaka kumi na mitano, akakaa mahali pake karibu na mlango. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mcheshi kwa wakati wake. Mzee mmoja akamtania, "Adnan, umekonda hadi kivuli chako kinakuogopa." Watu wakacheka. Duaij akaweka kikombe chini.

"Muulizeni vizuri," akasema. "Muulizeni alimwacha wapi kaka yangu."

Mgawa kahawa akasimama na birika mkononi.

Adnan akamtazama. "Nilikwambia, Duaij."

"Uliniambia tarehe tano. Nina karatasi mbili amezitia sahihi baada ya tarehe tano. Wewe ulitoka tarehe ishirini na tatu. Siku zote hizo mlikuwa pamoja. Ulitoka vipi wewe, yeye akabaki?"

"Sijui walichowafanyia wengine. Mimi nilisikia nilichosikia."

"Ulimzika kwa mdomo wako ili tusiulize. Uliwapa nini wakakuachia?"

Hakuna aliyemtetea. Mimi nilikuwepo, na sikumtetea, kwa sababu niliamini. Adnan aliinuka taratibu, akatafuta kiatu chake kwenye rundo la viatu mlangoni, akakosea, akavaa cha mtu mwingine, akavua. Mtu mmoja akanong'ona, kwa sauti ya kutosha kusikika, "Safari hii anavyo vyote viwili." Wawili watatu wakacheka. Hakurudi tena pale.

Ukanda wa nne ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe kumi na moja Novemba. Nilikuwa nimeketi peke yangu dukani, mchana, umeme umekatika, nikautoa mlangoni niuone kwa mwanga wa jua. Nikachukua lenzi kwa mazoea tu.

Mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekatika katikati.

Nikatoa kumbukumbu zangu, maana kila kitu ninachouza nakipiga picha. Ukanda wa pili: umekatika palepale. Wa tatu: palepale. Nikaendelea kutazama hadi machozi yakanitoka. Wino hugoma mara moja kwa bahati. Haugomi mara nne kwenye herufi ileile, mahali palepale, kwa upana uleule. Na kwenye zile tatu za baadaye, chini ya lenzi, ulionekana kabisa mkono ukisimama, ukinyanyua kalamu, ukaanza tena. Mtu aliichora ile kasoro akidhani ni sehemu ya sahihi.

Nikampigia Lafta.

"Haji Yaqub," akasema kwa bashasha, "umeupata wa baridi? Nimekutafutia wa Novemba makusudi, najua mteja wako anapenda tarehe za mbele."

"Lafta, nani anaziandika?"

"Kwani zina tatizo?"

"Nani anaziandika?"

"Haji, usinipandishie sauti. Noti ni za kweli, au si za kweli? Nani atakuuzia noti safi kama zangu? Kanda ndizo sina. Zilikatika zamani, panya walikula, wanangu walichezea. Nyinyi mnataka kanda. Kuna fundi wa mihuri hapa mtaani, ana mkono mzuri. Ningefanyaje?"

"Unajua ni za nani?"

"Za keshia."

"Za mtu aliyepotea. Mama yake yu hai."

"Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema mwishowe. "Dereva wa lori. Waliniambia rudisha gari nyuma hadi mlango wa benki, nikarudisha. Sikushuka. Wallahi sikushuka kwenye lile lori. Sijui keshia, sijui mama wa keshia. Ukipenda usimwambie. Ukipenda nirudishie, nitampata mwingine."

Nilipaswa kumwendea Duaij siku ileile. Nilifika hadi nje ya nyumba ya mama yake. Mlango ulikuwa wazi, na ndani Um Jarrah alikuwa akiwagawia blanketi wafagiaji wa mtaa, watu wa Bangladesh, mstari hadi kwenye ngazi. Duaij alikuwa ameshapata habari kwa simu kwamba Novemba imepatikana, kwani mimi mwenyewe nilimwambia asubuhi, kabla ya lenzi. Mama alikuwa amesema Novemba kuna baridi na Jarrah aliondoka na shati la mikono mifupi. Basi alikuwa anamfunika mwanawe kwa migongo ya watu wengine.

Nikampa Duaij ule ukanda. Nikasema, "Huu hapa." Nikaondoka.

Nilijiambia nitasema mama akishatangulia. Nilijiambia ni huruma. Labda asilimia fulani ilikuwa huruma. Nyingine ilikuwa woga, na nyingine, niseme ukweli, ilikuwa duka.

Mwaka wa 2010 Adnan akalazwa, figo. Nilikwenda kumwona kwa sababu nafsi ilinisuta. Nilimkuta peke yake, mkewe ameshuka kununua maji. Mikono yake ilikuwa imejaa alama za sindano. Tulizungumza juu ya joto na bei ya kondoo. Kisha akasema, "Yaqub, wewe ni mtu wa noti. Hakuna anayezijua kama wewe."

"Kidogo tu, Adnan."

"Zile karatasi za Duaij. Ni za kweli?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi, na mtumishi alikuwa anapita na toroli la chakula. Nakumbuka harufu ya supu ya dengu. Nilikuwa na neno moja mdomoni, neno fupi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kulisikia isipokuwa yeye.

"Zinaonekana za kweli," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa kosa lake.

"Basi nilisikia vibaya," akasema. "Nilikuwa nyuma ya ukuta. Labda walimpiga mtu mwingine. Labda Jarrah alikuwa chumba cha pili siku zote hizo, na mimi nikatoka nikawaambia watu amekufa. Hakuna aliyekwenda kumtafuta kwa sababu yangu." Akazitazama alama za sindano. "Miaka yote nilikuwa na uhakika, Yaqub. Ungeniapisha ningeapa."

Mkewe akarudi na maji. Nikaaga.

Alifariki baada ya siku tisa. Duaij hakwenda mazikoni wala kutoa rambirambi, na nusu ya mtaa ilimfuata yeye. Nilikwenda mimi. Mtoto wake mkubwa alinishukuru mara mbili kwa kumtembelea baba yake.

Um Jarrah alitufia mwaka 2012, asubuhi, akiwa anapepeta mchele. Ndani ya msahafu wake zilikutwa zile kanda nne. Jarrah bado hakuwa amesaliwa, na sasa mama yake alikuwa amesaliwa kabla yake. Arobaini ilipopita, Duaij akaja dukani. Alikuwa amekata tamaa ya kila kitu isipokuwa jambo moja.

"Mwambie mtu wako atafute Desemba," akasema. "Atafute Januari. Nataka kujua alifika wapi."

Nikafunga mlango wa duka. Nikaweka lenzi mezani, nikaweka picha nne, nikamwonyesha. Sikupamba. Nikamweleza kuhusu mkia wa herufi, fundi wa mihuri, lori, yote.

Aliangalia ya kwanza, ya pili, akarudi ya kwanza.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu ule wa Novemba."

"Mama alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Adnan alikuwa hai."

"Ndiyo. Aliniuliza, Duaij. Aliniuliza hospitali. Nikamwambia ni za kweli."

Nilitegemea anipige. Ningefarijika angenipiga. Alichukua ile picha ya kwanza, ya tarehe nne, akaisogeza mbele yangu kwa kidole.

"Na huu?"

"Huo ni wa kweli. Ndio ulionakiliwa."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Uliponipa ule wa Novemba ulinitazama machoni vilevile," akasema.

Nikatafuta namna ya kumthibitishia. Nilizungumza juu ya wino, juu ya karatasi, juu ya kibunda kilichokuja kabla sijamwambia mtu yeyote. Kila nilivyosema niliona hanisikii. Nilikuwa nimemnyang'anya hata ile siku moja ya kweli aliyokuwa nayo.

Aliniomba kitu kimoja tu, nimpeleke kwa mjane wa Adnan, kwa sababu hakujua walikohamia. Tulikwenda alasiri. Mwanamke alisimama nyuma ya geti, shela limemfunika hadi kwenye paji la uso, akasikiliza. Duaij alieleza vibaya, alirudia maneno, alisema "nimekosa" kabla ya kusema kosa lenyewe. Mimi nikaongeza sehemu yangu.

Mjane yule hakupaza sauti. "Wiki yake ya mwisho," akasema, "tulipomrudisha nyumbani, alinifanya nigonge ukuta kwa mkono, yeye akiwa chumba cha pili, halafu ananiuliza nimegonga mara ngapi. Alikuwa anayapima masikio yake. Kila mara alipata sawa, na kila mara hakuamini." Alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Sasa mnataka niwape nini? Mwenye kusamehe hayupo."

Akafunga geti taratibu, bila kulibamiza, na tukasikia komeo likiingia.

Nilimrudisha Duaij kwa gari. Nilipomshusha, akafungua mlango, akakaa mguu mmoja nje kwa dakika nzima, kisha akaenda zake.

Nimeacha kuuza noti za wizi. Haikumsaidia mtu. Lafta alinitumia picha nyingine mwaka jana, ukanda wa tarehe ishirini na tano Februari, 1991, siku moja kabla hawajakimbia mji. Chini aliandika, "Huu ni wa mwisho, Haji, hutapata wa mbele zaidi." Nikafuta.

Juzi nilikutana na Duaij kwenye duka la ushirika, kwenye foleni. Amezeeka. Tulisalimiana kama watu waliowahi kufanya kazi ofisi moja. Nikaona nimwonye. Nikamwambia, "Yule mtu wa Basra ana mwingine, wa Februari. Akikupata, usinunue. Ni yuleyule fundi."

"Najua," akasema. "Nimeshaununua."

Akaweka maziwa na mkate wake kwenye kaunta, akalipa, akasubiri chenji.